Karatasi ya Benki Kwanza, Keja Baadaye

Wasee, kila wiki inboksi yangu inapata swali lile lile. Mtu ananitumia picha ya tangazo: nyumba ya vyumba viwili, Ruiru ama Syokimau ama Kitengela, ukuta mweupe, jikoni inang'aa, na chini imeandikwa "kuanzia milioni 3 tu, lipa dipoziti leo". Halafu ananiuliza, "Hii kitu ni ya ukweli ama nachezwa?"

Mimi humrudishia swali. Benki imekuambia inaweza kukukopesha pesa ngapi? Na karibu kila mtu ananijibu, "Hiyo nitauliza nikishapata nyumba."

Hapo ndipo tunakosania. Maoni yangu ni haya, na mkitaka mnirushie mawe huko chini kwa komenti: kama utanunua keja kwa mkopo, usilipe hata shilingi moja kwa muuzaji kabla mkopeshaji hajakupa idhini ya awali kwa maandishi. Na pia nina kesi na benki zenyewe, nitaifikia.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nini. Idhini ya awali ni barua. Unapeleka kitambulisho, PIN ya KRA, hati za mshahara, taarifa za benki za miezi kadhaa, na ruhusa ya kuangalia rekodi yako ya CRB. Mkopeshaji anapima unachoingiza, madeni uliyonayo na umri wako, kisha anaandika: mtu kama wewe tunaweza kumkopesha hadi kiasi fulani, mradi nyumba atakayoleta itapita. Mara nyingi barua hiyo hukaa miezi mitatu hivi halafu inaisha nguvu.

Angalia hayo maneno ya mwisho, mradi nyumba itapita. Mkopo wa nyumba una mitihani miwili. Wa kwanza ni wako. Wa pili ni wa nyumba: mthamini anakuja kuangalia kama bei ni halali, wakili anachunguza hatimiliki, anaangalia kama kuna deni au kesi juu ya ile ardhi. Idhini ya awali inasema umepita mtihani wa kwanza peke yake, na pesa hapo bado hazijatoka. Mtu akikuambia "nimepata mogeji" na ana barua hiyo tu, mpe hongera ya nusu.

Sasa mbona nasumbua watu na karatasi ya nusu hongera? Kwa sababu ya binamu yangu.

Binamu yangu ni nesi katika hospitali ya kibinafsi. Mshahara wake kabla ya makato ni 60,000. Ni mtu wa mpango, ana kitabu cha matumizi tangu shule ya upili. Alipata nyumba ya milioni 3.2, akaambiwa dipoziti ni asilimia 10, yaani 320,000, na kwamba kuna watu wengine wawili wanaitaka. Akachukua mkopo wa Sacco kulipa hiyo dipoziti. Akasaini mkataba wa mauzo. Alikuwa na siku 90 za kumalizia malipo, basi akaenda benki kuomba milioni 2.88 iliyobaki.

Benki ikakataa. Siku 90 zikaisha. Muuzaji akasema mkataba umevunjwa na mnunuzi, akabaki na dipoziti. Sitamtaja muuzaji, na kwa karatasi alikuwa na haki, maana mkataba haukuwa na sentensi hata moja iliyosema dipoziti inarudi mkopo ukikataliwa. Mpaka leo binamu yangu anakatwa 8,400 kila mwezi na Sacco kwa nyumba ambayo hajawahi kulala ndani.

Tupige hesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii angeletewa bure na idhini ya awali.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa mshahara wako yasizidi theluthi mbili. Theluthi mbili ya 60,000 ni 40,000. Lakini hizo 40,000 si zako zote kukopea. Ushuru wa mapato, NSSF, SHIF na ile ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ukijumlisha, zinakaribia 15,000. Kwa hivyo nafasi ya kulipa mkopo wowote ni kama 25,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo saizi yake kwa macho ya benki, hata kama ana nidhamu ya mtawa.

25,000 kwa mwezi inabeba mkopo wa ngapi? Inategemea riba. Kwa asilimia 14 na miaka 20, inabeba karibu milioni 2. Kwa asilimia 9.5, inabeba karibu milioni 2.7. Yeye alihitaji milioni 2.88. Nyumba ilikuwa imemzidi hata kabla hajaenda kuiona.

Halafu angalia kile mkopo wa Sacco ulifanya. Uliondoa 8,400 kwa ile nafasi ya 25,000, ikabaki karibu 17,000. Kwa asilimia 14, hiyo inabeba kama milioni 1.4. Pesa alizokopa kushika nyumba ndizo zilimfungia mlango wa kupata nyumba. Angeenda benki kwanza, afisa angemwambia kwa dakika ishirini: dada, tafuta kitu cha milioni 2 kushuka chini, au subiri mshahara upande, au lete mtu mkope pamoja. Yote matatu ni majibu ya kuumiza kidogo. Hakuna hata moja la kuumiza kwa 320,000.

Najua kuna mtu ananijibu saa hii, "Lakini nikingoja benki, nyumba itachukuliwa." Sawa, inaweza kuchukuliwa. Kuna maelfu ya nyumba kati ya Thika Road na Mombasa Road zinazongoja mnunuzi, na muuzaji anayekukimbiza usipate muda wa kuuliza benki anajua kwa nini anakukimbiza. Na ukienda ukiwa na barua, unaongea tofauti. Muuzaji anajua wewe si wa kupiga picha na kuondoka. Unaweza hata kumwomba wakili aweke ile sentensi kwenye mkataba, kwamba mkopo ukikataliwa dipoziti inarudi.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa rika letu hawaifikirii. Idhini ya awali ni kioo. Wengi wetu hatujawahi kujiona vile mkopeshaji anatuona. Wewe unajiona msee wa kujituma, yeye anaona mikopo minne ya apu, Fuliza kila wiki na taarifa ya benki ambayo pesa zinaingia Ijumaa na kuisha Jumatatu. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka, na nabet hapa wengi hamjawahi kuiomba. Kuna watu wanangoja kufika miaka 30 na ndoto kubwa, kumbe kuna deni la 1,500 la 2021 limekaa pale likiwangoja.

Na ritani za KRA! Kila Juni tunaona wasee wakikimbizana na tarehe 30 wakijaza ritani za sufuri, eti ndiyo njia rahisi, na huku wanauza nguo, wanapiga picha za harusi, wanaendesha boda. Miaka mitatu baadaye unaenda kuomba mkopo, unaambia benki unaingiza 70,000 kwa mwezi, na karatasi zako mwenyewe, ulizojaza mwenyewe, zinasema hujawahi kupata kitu. Hapo utamwambia nini afisa?

Sasa nikuje kwa kesi yangu na benki.

Mimi sina hati ya mshahara. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikuwa imekataa, na kamera ilikuwa imeanza kulipa. Leo naingiza pesa kwa matangazo, kwa kazi za makampuni, na kwa kuhariri video za watu wengine. Mwezi mbaya ni 40,000. Mwezi mzuri siutaji, mathe anasoma hapa. Ritani zangu najaza zikiwa na namba za kweli kila mwaka.

Mwaka uliopita niliingia tawi la benki moja kuomba idhini ya awali. Nilibeba taarifa za miezi 12, ritani, mikataba, kila kitu kwa faili. Afisa alikuwa mtu wa heshima. Akafungua faili, akafunga.

"Kijana, umeajiriwa wapi?"

"Nimejiajiri, madamu. Natengeneza video."

"Hiyo ni sawa, lakini kazi unafanya gani?"

Nikamwonyesha mikataba. Akasema mfumo wao unataka hati ya mshahara ya miezi sita au biashara iliyosajiliwa yenye hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Nina miaka 23. Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu zingemaanisha nilikuwa na mkaguzi wa hesabu nikiwa bado nakula chakula cha kampasi.

Na hii ndiyo inanikera. Serikali ikija kuchukua, inaniona vizuri sana. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malipo ya maudhui ya kidijitali hukatwa ushuru wa asilimia 5 kabla hayajanifikia. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inataka asilimia 1.5 ya mapato, na haikuishia kwa walioajiriwa, ilitugusa hata sisi tuliojiajiri. Kwa hivyo mapato yangu ni ya kweli wakati wa kujenga nyumba za wengine, halafu yanageuka hewa wakati wa kununua yangu. Mtu anieleze.

Najua benki zina hoja yao. Mkopo wa nyumba ni wa miaka 15, 20, 25. Mtandao unaweza kubadilisha sheria zake kesho na mimi nikakosa matangazo. Ni kweli. Lakini mwajiri pia anaweza kufunga kesho, na tumeona makampuni makubwa hapa Nairobi yakifuta watu mamia asubuhi moja, wote wakiwa na hati za mshahara nzuri kabisa. Mimi nikipoteza mteja mmoja, nimebaki na wengine watano. Yeye akipoteza bosi mmoja, amebaki na sufuri. Kwa hivyo hatari ipo pande zote mbili, na dawa yake ni kuipima. Kufunga faili si kupima.

Na inawezekana kupima, kwa sababu niliona ikifanywa. Nilienda Sacco ambayo nimeweka akiba miaka miwili. Mama wa mikopo pale alichukua taarifa zangu za miezi 12, akatoa miezi sita mizuri, akabaki na ile sita mibaya, akatafuta wastani. Akaangalia akiba yangu, akaangalia CRB, akaniambia, "Kwa hii, milioni 1.6." Akaiandika kwa barua.

Milioni 1.6 hainunui vyumba viwili Nairobi. Haikaribii. Lakini kwa mara ya kwanza najua umbali wangu na mlango kwa shilingi, na najua kinachoupunguza: miezi yangu mibaya ipande, na akiba yangu ikue. Hiyo barua iliisha miezi mitatu baadaye bila mimi kununua kitu, na haikunigharimu keja wala dipoziti.

Kuna wale watasema mogeji ni utumwa, Mkenya hununua ploti akajenga pole pole. Nawaheshimu, na namba ziko upande wao. Katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47, mikopo ya nyumba kwenye mabenki yote ni takriban 30,000. Ukikopa milioni 3 kwa asilimia 14 kwa miaka 20, utalipa 37,300 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa karibu milioni 9. Na riba nyingi hapa hupanda na kushuka. Mwaka wa 2024 riba elekezi ya Benki Kuu ilifika asilimia 13 kabla haijaanza kushushwa mwezi wa Agosti. Anayeogopa hayo si mwoga, amesoma.

Mathe mwenyewe yuko upande huo. Amelipa kodi ya nyumba Umoja tangu nikiwa darasa la kwanza, na kila nikimtajia mkopo ananiambia, "Wewe nunua shamba, nyumba itajijenga." Lakini shamba shagz halitamwondolea landilodi wa Umoja, na yeye hataki kuondoka Umoja, kanisa lake liko pale, chama chake kiko pale, wateja wake wa mitumba wako pale. Kodi ya 14,000 kwa miaka 20, hata isipopanda hata siku moja, ni milioni 3.36. Kwa hivyo hakuna njia ya bure. Kuna njia unayoijua bei na njia usiyoijua.

Ndiyo maana nasema hata kama utaishia kujenga, omba idhini ya awali. Haikufungi. Unaweza kuichukua na kuondoka. Uliza tu kama kuna ada kabla hujaomba.

Ukienda, uliza vitu ambavyo hawatakuambia wenyewe. Riba ni ya kudumu ama inabadilika, na ikibadilika malipo yangu yatafika wapi? Je, wanatoa mkopo unaotoka kwa KMRC, ile kampuni iliyoanzishwa 2018 kuzipa benki na Sacco pesa za riba nafuu ili sisi tupate mkopo chini ya asilimia 10? Tofauti ya 9.5 na 14 kwa milioni 3 ni zaidi ya 9,000 kila mwezi, hiyo ni karo ya mtu. Uliza gharama za pembeni: wakili, mthamini, bima, na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4. Kwa nyumba ya milioni 3.2 huo ushuru ni 128,000, na mkopo kwa kawaida haubebi hiyo. Ukinunua nyumba yako ya kwanza kupitia mpango wa nyumba za bei nafuu, sheria inakusamehe ushuru huo, kwa hivyo uliza. Ukiwa umeajiriwa, uliza kuhusu pensheni, maana kanuni za 2020 zinaruhusu hadi asilimia 40 ya akiba yako ya uzeeni kutumika kununua nyumba ya kuishi. Na ukishapata mkopo, riba unayolipa inapunguza mapato yanayotozwa ushuru hadi 360,000 kwa mwaka. Pesa hizi watu wanaziacha mezani kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwa mabenki, kama kuna mtu wenu anapita hapa: sisi hatuombi huruma. Someni taarifa zetu za miezi 12 mnavyosoma hati ya mshahara. Chukueni wastani wa miezi mibaya, hatutakataa. Na mkikataa, tuandikieni sababu, tujue cha kurekebisha. "Mfumo haukubali" si sababu.

Kwa nyinyi wasee wangu: wiki hii usitafute nyumba. Omba ripoti yako ya CRB. Angalia ritani ulizojaza. Kama una Sacco, waulize wanahitaji nini kukupa idhini ya awali, na uandike. Tangazo likikufikia na ukuta wake mweupe, lihifadhi, lipende ukitaka, lakini usitume dipoziti.

Na mwenye amekataliwa na benki akiwa na karatasi zote sawa, niandikie walisema nini, bila jina la benki. Nataka kuzipanga hizo sababu pamoja kwa posti moja, tuone kama zinaeleweka.